Dada Anayepita Nyuma na Trei

Nina jicho la kukata video, na nasema hivyo bila kuona haya. Wapo waliojaliwa mkono wa kusuka, na wapo wanaojua pilau imekolea bila hata kufunua sufuria. Mimi nikiona kipande cha tamthilia, najua pale pale kianzie wapi na kiishie wapi ili kimguse mtu.

Kazi inayonilisha ni kuuza kwenye duka la dawa hapa Tangini, Kibaha. Asubuhi wateja wanajaa, jioni wanajaa, lakini mchana jua likiwa kali mtu haji kununua dawa ya mafua. Hapo ndipo natoa simu. Nachukua vipande vya tamthilia ambayo watu wanaifuatilia kwenye televisheni, navichambua, naviunga upya juu ya wimbo, kisha naposti. Siongezi neno hata moja. Nachagua tu nani aonekane, kwa muda gani, na wimbo uwe umefika wapi anapogeuza uso. Mhusika ambaye watu walikuwa wanamtukana tangu mwezi uliopita, wakimaliza kutazama wanaandika kwenye komenti, “Kumbe naye ana moyo.” Komenti ya namna hiyo inanipa raha kuliko mia za kunisifia.

Tamthilia tuliyokuwa tunaitazama wakati huo ilihusu familia moja ya kitajiri: mume mwenye siri, watoto wanaogombania kampuni, na mama mwenye nyumba ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika hadi kwa jirani. Nilishamtengenezea video mume. Nilishawatengenezea watoto. Nilikuwa natafuta mtu mwingine, na aliyenionyesha mtu huyo alikuwa dada yangu.

Dada ndiye mtoto wa kwanza wa mama yetu. Anaishi Kurui, huko Kisarawe, na mume wake. Wanalima mihogo na wana mikorosho. Kabla ya kuolewa alifanya kazi za ndani Dar es Salaam, miaka mingi, nyumba moja baada ya nyingine. Mimi nilisoma kwa jasho la kazi ile, na kwetu hilo halijawahi kuwa siri wala jambo la kulilia. Lakini habari za nyumba hizo alikuwa hasimulii. Ukimuuliza anasema, “Kazi ilikuwa kazi,” halafu anakuuliza kama umekula.

Jumapili moja nilikwenda kumwona. Nilimkuta sebuleni anamenya mihogo mbele ya televisheni, marudio ya tamthilia yanaendelea.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Kaa, kaa, usinizibe.”

Nikakaa. Kwenye kioo mama mwenye nyumba alikuwa anamfokea mume wake kuhusu mwanamke wa nje. Mimi macho yangu yalikuwa kwa wale wawili, kama ya kila mtu. Dada akanyoosha kisu.

“Umeona mkono wake?”

“Wa nani?”

“Wa dada wa kazi. Huyo hapo nyuma, mwenye trei. Ametajwa huyo mwanamke, na kikombe kimetikisika. Anamjua.”

Niliisogelea televisheni. Kweli, nyuma ya mabega ya mama mwenye nyumba, karibu na pazia, alikuwepo msichana aliyevaa kitenge na kilemba, ameshika trei. Tamthilia nzima hakuwa na jina. Aliitwa Dada, basi. Alikuwa na sentensi moja tu ambayo nakumbuka kuisikia: “Chai tayari, mama.”

“Na sasa angalia anavyotoka,” dada akasema. “Haondoki moja kwa moja. Anasimama kidogo nyuma ya mlango. Ukiondoka haraka unaitwa tena, ukichelewa unaambiwa unasikiliza maneno ya watu. Huyo msichana anajua kuigiza.”

Nilirudi Kibaha na jambo moja kichwani. Wiki ile yote nilirudia tamthilia tangu mwanzo, na safari hii sikuwatazama matajiri. Nilimtazama yeye. Anafungua geti. Anaokota kiatu cha mtoto. Mama mwenye nyumba analia chumbani, na yeye yupo kwenye korido na shuka mikononi, anainua mkono kubisha hodi, anaushusha. Watayarishaji walikuwa wamemweka pale kama kabati, lakini yeye alikuwa anaishi maisha kamili nyuma ya migongo ya watu.

Mwenzangu wa dukani alichungulia simu yangu akacheka. “Mashabiki wako wanasubiri ugomvi wa urithi, wewe unakata mtu wa kupita na trei?”

“Subiri uone,” nikamwambia.

Video ya kwanza niliiweka juu ya wimbo wa mapenzi uliokuwa unapigwa kila mahali. Haikudumu. Kesho yake mtandao ulikuwa umeizima sauti kwa sababu wimbo una mwenyewe, na mhusika wangu akabaki anafungua geti kimya kimya. Sikuumia sana. Kusema kweli wimbo ule haukumkaa. Ulikuwa umemvaa kama gauni la kuazima. Nilihitaji sauti nyingine, na nilijua ipo wapi.

Dada huwa anaimba akiwa na kazi mikononi. Nyimbo nyingine ni za ngoma za kwetu, nyingine anazitunga mwenyewe na kuzisahau. Lakini ulikuwepo mmoja ambao hakuusahau. Nilikuwa nimeusikia tangu nikiwa mdogo, aliporudi likizo, na sikuwahi kuuliza unatoka wapi. Nilipofika tena Kurui nilimwomba aniimbie nirekodi.

“Sauti yangu waisikie watu wote hao?” akaniuliza. “Mimi mama wa watoto wanne?”

Shemeji yangu alikuwa barazani anatengeneza mpini wa jembe. Hakuinua hata uso. “Mimi nausikia kila siku bure,” akasema. “Waache na wao wasikie.”

Basi akaimba. Hakukubali kukaa kwenye kiti na kuimba kama mtu wa redioni. Alisema maneno hayatoki mikono ikiwa mitupu. Akachukua kinu, akaanza kutwanga mihogo mikavu, na mimi nikashika simu karibu.

*Nimefagia uwanja, nyayo zangu sizioni,*
*Nimepika wameshiba, mimi nakula jikoni,*
*Mlango naufungua, wanaingia wageni,*
*Nami nikija mgeni, atafungua ni nani?*

Alipomaliza alijifuta jasho na upande wa kanga. Nikamuuliza aliutungia wapi.

“Nyumba ya pili,” akasema. “Ile ya mama aliyekuwa na maduka. Nilikuwa naimba nikiwa nafua. Siku moja akasimama dirishani akasikiliza mpaka mwisho. Nikajua leo nimekwisha. Akaondoka zake.”

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisimulia kitu cha nyumba zile.

Nilikata video pale pale Kurui, tumekaa mkekani, dada pembeni yangu. Pigo la mchi likawa ndilo linanipa mwendo: kila mchi unaposhuka, picha inabadilika. Mlango, trei, shuka, kiatu, mlango tena. Tulibishana mahali pamoja tu, mwisho. Mimi nilitaka kumalizia na uso wake kwenye korido. Dada akasema hapana.

“Kuna siku alitoka getini na kikapu. Umeiona?”

“Alikuwa anaenda sokoni, dada. Sehemu ya kumi na kitu. Anarudi baadaye.”

“Anarudi kwenye tamthilia yao. Kwenye hii yetu asirudi.”

Nikaitafuta. Ilikuwa fupi sana: mgongo wake, kikapu, geti linajifunga. Nikapunguza mwendo wa picha, nikaiweka chini ya mstari wa mwisho wa wimbo. Nikabonyeza tutazame. Safari ya sokoni ilikuwa imegeuka mwanamke anaondoka na maisha yake. Zaidi ya kupunguza mwendo, sikugusa chochote isipokuwa kilichotangulia na kilichosikika.

Ile video ilienda. Ilienda kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Wanawake waliandika kutoka mikoani na kutoka nje ya nchi ambako wanafanya kazi za ndani mpaka leo. Mmoja aliandika, “Nimemwonyesha bosi wangu. Leo kaniita kwa jina.” Mwenzangu wa dukani aliitazama akiwa amesimama, akaomba airudie akiwa amekaa.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua: “Samahani, mimi ndiye niliyeigiza huyo dada. Nani anayeimba?”

Mitandaoni watu wanajifanya mawaziri, sembuse mwigizaji. Nikamjibu kwa adabu kwamba sina hakika kama ni yeye. Baada ya muda kidogo akanitumia sauti. Nikaifungua, nikasikia maneno matatu tu: “Chai tayari, mama.”

Ilikuwa ni yeye. Mteja alikuwa ananisubiri na karatasi ya daktari, nami nacheka peke yangu kama mwehu.

Tulizungumza siku kadhaa, na aliposema anataka kumwona mwimbaji kwa macho yake nikamwambia aje. Nilimpokea Kibaha, tukaenda wote mpaka Kurui. Njiani alikuwa mchangamfu, ananiuliza naamuaje kukata, mimi namuuliza walikuwa wanamwambia nini kabla ya kamera kuwashwa.

“Waliniambia pita nyuma,” akasema. “Kila siku ni hivyo, pita nyuma. Nikaona nitakufa kwa uchovu. Nikajitungia hadithi yangu mwenyewe. Huyu msichana anatoka wapi, anamtumia nani pesa, anamwogopa nani, anampenda nani humo ndani. Hakuna aliyeniuliza. Nilijua hakuna atakayeona.”

Dada alikuwa amepika wali, kuku wa kienyeji na kisamvu cha nazi. Tulipomaliza kula, mgeni akainuka, akaanza kukusanya sahani.

“Weka chini,” dada akamwambia. “Hapa wewe ni mgeni.”

“Mama, niache tu nikusaidie.”

“Nimekwambia kaa, mwanangu. Wanangu wapo, wataosha.”

Akakaa. Dada akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelikalia tangu Jumapili ile ya mihogo. “Ule mkono ulivyotikisika na kikombe. Ulikuwa umemjua huyo mwanamke wa nje?”

Yule binti alifunika mdomo kwa kiganja. “Umeona? Nilijitungia kwamba ndiye aliyenitafutia kazi ile. Ni mtu wa kijijini kwetu.”

“Nilijua,” dada akasema, akapiga paja. “Nilijua! Nilimwambia huyu.”

Baada ya hapo mimi sikuwa na kazi tena. Dada alianza kusimulia. Alisimulia nyumba ya kwanza, ambako alilala stoo na magunia ya mchele. Alisimulia mtoto aliyemlea tangu akiwa na wiki moja, na jinsi alivyomzoea akawa anamwita yeye mama, na ndiyo ikawa sababu ya kufukuzwa. Shemeji alikuja akakaa mlangoni kusikiliza, maana mengi hata yeye alikuwa hajayasikia. Hapakuwa na kilio. Dada alikuwa anaeleza kama mtu anayemwachia mwenzake ujuzi wa kazi, na yule binti alikuwa anauliza maswali ya kikazi: ulikuwa unasimamaje, ulikuwa unaitikaje, ulipokasirika mikono uliiweka wapi.

Kuhusu video yule binti alikuwa na jambo moja tu. “Pale getini nilikuwa naenda sokoni,” akasema.

“Sisi tumekuondoa,” dada akamjibu.

“Afadhali. Maana wao waliacha tu kuniita. Sikupewa hata siku ya kuaga.”

Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sehemu za mwisho hakuwepo, na watazamaji hatukugundua. Kile kipande chetu cha geti ndicho mwisho pekee aliokuwa nao.

Aliomba ruhusa ya kuionyesha video yetu akienda kutafuta kazi, tukampa. Sijui ilimsaidia kiasi gani, na sitajisifu kwa lisilo langu. Alikuwa na kipaji kabla sijamkata. Ninachojua ni kwamba sasa yumo kwenye tamthilia nyingine, ana jina, ana duka la vitambaa, na majuzi aligombana na mkwewe sehemu nzima bila kupumua. Nilimpigia dada nikamuuliza kama ameona.

“Nimeona,” akasema. “Amejua kuongea sasa. Ila mikono yake bado ndiyo inasema ukweli.”

Halafu akaniambia amekuwa akifikiria. Anataka tutengeneze nyingine, ya mama mwenye nyumba, yule mwenye makelele.

“Huyo? Watu wote wanamchukia, dada.”

“Ndiyo maana. Mimi nimekaa na watu wa aina yake. Wanafoka mchana kutwa, na jioni wanakuja jikoni wanakaa kwenye kigoda, hawana wa kuongea naye isipokuwa wewe. Mtafute akiwa peke yake. Utampata.”

Nimeanza kumtafuta. Mpaka leo mchana nimeshampata mara saba, peke yake: kwenye ngazi, kwenye gari lililozimwa, mbele ya kioo akiwa ameshika hereni moja. Dada anatunga wimbo. Ubeti wa kwanza ameniimbia kwenye simu, mchi unasikika nyuma yake, na nimemwambia ukweli kwamba mstari wa tatu ni mrefu mno. Amesema nisimfundishe, nikate video yangu.