Kidole cha Babu Yako na Mashine ya Presha

Bado naiona ile asubuhi ya Ijumaa, mwanangu, povu limetapakaa uani kwetu hapa Kamwokya, babu yako amekunja suruali hadi magotini, na mashine mpya ya kuoshea kwa presha inanguruma mpaka majirani wanachungulia juu ya ukuta. Wewe ni mtoto wa Nanjala, ni mjukuu wangu, lakini nimezoea kukuita mwanangu na kwa umri huu sibadilishi tena mazoea. Juzi ulinipigia simu ukaniambia umehamia nyumba yenye ua wa matofali ya saruji, unataka kununua mashine kama ile, ukaniuliza kama babu aliwahi kuwa nayo. Nilikujibu kwamba magoti yananiuma, tutaongea siku nyingine. Magoti yananiuma kweli, lakini hayakuwa sababu. Hii habari huwa inanichosha hata kabla sijaianza. Leo chai iko hapa mbele yangu na nyumba imetulia, kwa hiyo acha niiseme yote.

Babu yako Barasa alikuwa fundi cherehani. Tulitoka Busia, upande wa Kenya, tukaingia Kampala vita vikiwa vimekwisha na maduka mengi bado hayana milango. Siku zile ukisema Kiswahili kwa sauti watu waligeuka kukutazama, maana kwao kilikuwa lugha ya askari. Tulijifunza kusema polepole. Alipata nafasi ya cherehani moja kwenye baraza ya duka karibu na Nakivubo, akaanza kushona sare za shule, na kwa sare hizo tulijenga nyumba hii na mama yako akasoma. Sikwambii haya ili unihurumie. Nataka tu ujue kwamba katika familia yetu kila kitu kilipitia katika vidole vyake.

Nanjala alipopata mchumba, yule kijana wa Kiganda ambaye ndiye baba yako, wazee wao walipanga siku ya kuja kwetu kujitambulisha, kwanjula kama wenyewe wanavyoiita. Mambo ya chakula na mahema babu yako aliniachia mimi. Yeye alihangaika na ua. Mvua zilikuwa zimenyesha msimu mzima, matofali yameota ukungu wa kijani unaoteleza, na ukuta umepigwa matope mekundu hadi usawa wa kiuno.

"Watu wa watu waje watukute hivi?" alikuwa akiniambia kila jioni. "Watasema Wakenya wanaishi kwenye kinamasi."

Basi tukaenda mjini kutafuta mashine. Kwenye duka tuliloingia zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya umeme, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja kama kikapu. Nyingine ilikuwa kubwa, ya petroli, ina magurudumu na injini. Muuzaji, mtu mchangamfu sana, hakutuuliza tunaosha nini wala maji yetu yanatoka wapi.

"Sebo, bwana wangu, achana na hii ndogo, itakusumbua bule," alisema kwa lafudhi yake ya Kiganda. "Chukua hii kubwa. Hii iko na nguvu, inatoa mpaka langi ya ukuta."

"Ikitoa rangi ya ukuta, sisi tutabaki na nini?" nilimuuliza.

Wote wawili walicheka, yeye na babu yako. Tukarudi nyumbani na ile kubwa.

Sasa mwanangu, sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo kila kitu kinaanzia. Mashine kubwa hunywa maji mengi. Bomba letu, unalijua, siku nzuri hutoa maji ya unene wa kidole, siku mbaya hukohoa tu. Babu yako aliunga mpira moja kwa moja kwenye bomba hilo na kuwasha injini. Kwa muda kidogo ilikuwa raha kuitazama. Ukungu uling'oka, tofali likaonekana jeupe kama siku lilipotandikwa. Nanjala alitoka jikoni akapiga makofi. Halafu mashine ikaanza kushtuka-shtuka. Maji yanatoka kwa nguvu, yanakatika, yanatoka tena. Mara yakawa uzi mwembamba usioweza kusafisha hata sahani.

Leo najua kilikuwa nini, kwa sababu babu yako baadaye aliisoma mashine ile mpaka akaijua kama cherehani yake. Maji yalikuwa machache kuliko pampu ilivyotaka, kwa hiyo ilikuwa inavuta hewa. Na kwa kuwa bomba lilikuwa linaleta mchanga, mchanga huo ulikuwa umekwama kwenye nozo, kile kichwa kidogo cha mbele chenye tundu maji yanapotokea. Dawa yake ni rahisi kabisa. Zima injini, minya kifyatuo mpaka presha yote iishe, ng'oa nozo, ichokoe kwa sindano, isuuze kwa kupitisha maji kutoka upande wa mbele kurudi nyuma. Basi. Ni kazi ya mtu anayesubiri chai ichemke.

Lakini asubuhi ile babu yako alikuwa na haraka. Hema lilikuwa linafika mchana, na nusu ya ua ilikuwa bado kijani. Hakuzima injini. Aliinua ule mkono wa chuma wa mashine unaorushia maji, kidole cha mkono wa kulia kikiwa bado kwenye kifyatuo, akaweka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto mbele ya nozo ili ahisi kama maji yanapita. Mchanga ukaachia.

Nilisikia amesema "Ah!" kama mtu aliyekanyaga mwiba. Nilikimbia na kanga mkononi. Hakukuwa na kitu cha kuziba. Palikuwa na tundu dogo tu kwenye ncha ya kidole, halitoi hata damu ya kutosha kuchafua kitambaa.

"Mama Nanjala, usipige kelele," aliniambia, anacheka. "Mimi sindano imenichoma maisha yangu yote. Hii nayo ni nini?"

Alinyonya kidole na kurudi kwenye mashine. Hicho kicheko, mwanangu, ndicho kinachonirudia. Mtu aliyezoea kuchomwa sindano atajuaje kwamba hii haikuwa sindano? Sindano huingia na kutoka. Maji yale yaliingia na sabuni na mchanga wake, yakabaki ndani, yakapanda kidoleni chini ya ngozi hadi kwenye kiganja, na juu hapakuonekana lolote.

Kabla ya saa sita kidole kilikuwa kimevimba na kupauka, kigumu kama mshumaa. Aliacha mashine lakini alikataa kwenda hospitali. Nilimwambia, akasema kesho baada ya wageni. Nikamwambia tena, akaniambia nisimtie aibu siku ya mwanawe. Nanjala alilia, babu yako akamwambia atulie, si kitu. Nilichoka kusema, nikaenda jikoni kumenya ndizi. Machozi yalikuwa yananitoka na nikasingizia moshi.

Aliyetuokoa ni dada yake mkubwa, Senge Nekesa, yaani shangazi kwa lugha ya kwetu, aliyekuwa ametoka Busia mchana ule kwa ajili ya sherehe. Alishuka na mizigo yake, akamsalimu kaka yake, akaona anampa mkono wa kulia huku wa kushoto ameuficha nyuma. Alimzunguka, akaushika, akautazama. Hakuwa mama wa maneno mengi.

"Hiki kidole umekifanya nini, Barasa?"

Akaeleza, huku akionyesha matofali, akasema kazi iliyobaki ni kidogo tu.

"Wewe mtoto wa mama yangu," Senge alimwambia, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "hao watu wanakuja kutafuta msichana. Hawaji kukagua saruji. Kesho wakikuta maiti kwenye ua safi, watafurahi? Vaa viatu."

Alivaa viatu. Nilikuwa nimemsihi tangu asubuhi, na kwa Senge alitii kama mtoto wa shule. Sikukasirika. Nilikuwa nimechoka mno kukasirika.

Jirani yetu Papa Furaha, Mkongomani aliyekuwa anauza vitenge, alitoa gari lake bila kuulizwa. "Mama, mumupandishe nyuma, tuende sasa hivi," alisema, na alituendesha mpaka hospitali moja huko Nakasero. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, amechoka kama sisi, anaandika bila kuinua kichwa. Aliuliza kilichomchoma ni nini. Babu yako akasema, "Ni maji tu, daktari." Akauliza maji gani. Aliposikia ni mashine ya presha aliweka kalamu chini na kusimama. Alimwambia muuguzi aandae chumba cha upasuaji, hapo hapo, na akatuuliza kwa nini hatukuja asubuhi.

Walimpasua kidole mpaka kiganjani ili waoshe uchafu uliokuwa ndani. Alipoamka aliuliza kama hema limefika.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya wageni. Nilitaka tuahirishe. Babu yako alikataa, mkono umefungwa kama mkate na homa machoni. "Nenda ukampokee mkwe wetu," aliniambia. "Mdogo wangu akae kwenye kiti changu." Nilienda. Nilivaa gomesi, lile vazi refu la heshima la Kiganda, nikiwa bado nanuka dawa ya hospitali, nikapiga magoti kwa wageni, nikacheka pale ilipopasa kucheka. Nusu ya ua ilikuwa nyeupe, nusu kijani. Wageni walipita juu yake na zawadi zao kichwani, na sikumwona hata mmoja aliyetazama chini.

Jioni, sherehe ilipokwisha, mama yako hakuvua nguo zake. Aliingia wodini na mavazi yake yote ya kung'aa, na kijana wake nyuma yake, wakapiga magoti kwenye sakafu kando ya kitanda. Babu yako alitaka kuwawekea mikono yote miwili vichwani, lakini wa kushoto haukuinuka. Akatumia wa kulia, kwanza kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha pili alipiga vigelegele, na wodi nzima ikamwitikia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kidole hakikupona. Nyama yake ilikuwa imekufa kwa ndani, na baada ya wiki chache wakakikata kwenye kiungo cha kati. Kidole hicho, mwanangu, ndicho kinachoongoza kitambaa chini ya sindano. Alirudi kwenye cherehani yake, ndiyo, lakini mishono ilianza kwenda upande, na wateja wa zamani walikuwa wanakuja, wanasalimia, wanapeleka vitambaa kwa jirani. Nilihamia pale barazani. Yeye alikata, mimi nilishona. Tulifanya hivyo hadi macho yangu yalipochoka, na baadaye moyo wake ukachoka, ukasimama. Haukuwa mwisho mbaya. Ila haukuwa ule tulioukusudia.

Mashine hakuitupa. Watu walimshangaa. Aliijengea tangi la maji juu ya mnara mdogo ili isikose maji, akaifungia chujio la mchanga, na kila kwanjula ya mtaa huu aliisukuma hadi huko na mapipa ya maji, akaosha ua wa watu nayo. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele yake.

Basi hiki ndicho ninachokuambia. Usianzie dukani, anzia kwenye bomba lako. Jaza ndoo uone inachukua muda gani kujaa, kisha umuulize muuzaji mashine yake inahitaji maji kiasi gani, na kama inaweza kuvuta kutoka kwenye tangi. Akishindwa kujibu, toka. Kwa ua na gari, ndogo ya umeme inatosha, mradi plagi yake ina waya wa ardhini na haitegemei waya mrefu mwembamba uliolala kwenye maji. Ikiguna bila kuzunguka, huenda umeme unaoifikia ni hafifu. Izime mara moja, usiilazimishe. Chagua yenye kichwa cha pampu cha shaba kama unaweza kumudu, na ambayo vipuri vyake umeviona kwa macho yako mjini. Nozo ya maji yaliyotanuka kama feni ndiyo ya nyumbani. Ile inayotoa mchirizi mmoja mwembamba iache dukani. Kabla ya kuwasha, fungua maji uminye kifyatuo mpaka hewa yote itoke, na usiiache izunguke bila maji. Ikishtuka, tazama chujio, tazama mpira kama umejikunja, tazama raba za viungo kama zinavuja, halafu nozo. Lakini yote hayo ufanye imezimwa, na presha imetolewa. Kila mara, hata ukiwa na haraka. Hasa ukiwa na haraka.

Na ikikuchoma, mwanangu, hata tundu likiwa dogo kiasi gani, hata lisipouma, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ni mashine ya presha. Waache wageni wasubiri. Mtu anayekupenda akikuambia vaa viatu, vaa.

Nimemaliza, na chai imepoa. Mungu akupe nyumba yenye amani, akuletee wageni wanaokupenda wewe kuliko ua wako, na akutunzie mikono yako yote miwili, ili siku watoto wako watakapopiga magoti mbele yako uwabariki kwa pamoja.