Ukurasa wa Visheti

Mume wangu hakupenda kupigwa picha. Hata kwenye picha za harusi yetu amegeuza uso. Kwa hiyo nilipoanza kuuza visheti mtandaoni, hapa nyumbani Ngamiani, yeye alishika simu, mimi nikashika mwiko. Kila video ilianza na sauti yake: "Haya, bibi mkubwa, bismillahi." Hapo ndipo naanza kukoroga shira, sukari ya kuvikia visheti. Miaka sita ya video, na yeye haonekani hata kidole, ila anasikika: anakohoa, ananicheka shira ikinirukia.

Simu ilikuwa ndogo. Video ikishapanda kwenye ukurasa wangu, naifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Nilijiona nina akili sana.

Alipofariki nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Nilitaka kuikaa kikamilifu, isije kusemwa mjane huyu anachati na wateja. Nikaizima simu mwenyewe, nikampa wifi yangu, dada yake marehemu, aiweke kabatini kwake Chumbageni.

"Wifi, huitaki hata ya kusikilizia Kurani?" akaniuliza.

Nikamwambia redio ipo. Watu walinisifu, na Mungu anisamehe, nilipenda kusifiwa.

Siku zile zote nilizihesabu kwa jambo moja tu: nikitoka eda, nitafungua ukurasa nimsikie.

Siku ilipofika nikaoga, wifi akaniletea simu. Ikawaka, lakini laini ilikuwa imekufa. Kumbe laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba akapewa mwingine. Sikulijua hilo. Ukurasa nao ukanitaka niingie upya, kwa tarakimu zitakazotumwa kwenye namba ileile.

Wifi akaipiga kwa simu yake. Akapokea mwanamume wa huko Moa, mpole wa sauti. Nikamweleza shida yangu.

"Aa, ndiye wewe mama wa visheti!" akasema. "Nilipoweka namba yangu, ukafunguka ukurasa wako. Wake za watu wakaniagiza visheti asubuhi na jioni, mpaka mke wangu akanuna. Nshaufuta, mama, wiki mbili sasa. Pole sana."

Sikuweza hata kumtukana. Angekuwa mwizi, ningepata wa kumlaani. Niliwauliza wateja niliowafahamu, hakuna aliyehifadhi hata video moja. Nani anahifadhi visheti? Nililia kuliko nilivyolia msibani, maana msibani nilijua bado nina kitu cha kurudia. Wifi alikaa pembeni yangu. Kaka yake amempotea mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Mwezi uliopita nikafungua ukurasa mpya, kwa sababu kula ni lazima. Nina wafuasi kumi na mmoja, wengi wao majirani ambao wangeweza kununua dirishani. Niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikabonyeza, nikashika mwiko.

Wifi ndiye aliyeitazama video ile kabla haijapanda.

"Mwanzoni umesimama tu, wifi, kimya," akasema. "Unaitazama simu na shira inaungua. Tukate hapo?"

Nikamwambia asikate. Nilikuwa nangoja kuambiwa bismillahi.