Sinema Tuliyoinyima Mwisho

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wa binamu yangu sinema. Filamu yenyewe ni ya zile zinazochanganya watu wa kweli na katuni: mchezaji wa mpira wa kikapu, jitu zima linalotoka jasho, linampasia mpira kiboko wa kuchora. Bila kujijua nikamwinamia mtoto na kuanza kumnong'oneza kwa Kiswahili, "Huyu kiboko anasema amechoka, anataka maji." Mtoto akanitazama kwa huruma. "Shangazi, naelewa," akaniambia. Nikaegemea kiti, lakini nilikuwa nimesharudi Al Warqa, mtaa tuliokaa nchi ya Waarabu, jirani na Sharjah, nina miaka tisa, na aliyekaa kando yangu ni bibi.

Nikwambie kwanza, rafiki yangu, nyumba yetu ilivyokuwa kabla bibi hajaja. Mama alikuwa mapokezi katika hoteli moja kule Al Rigga, zamu hii asubuhi, zamu ile jioni. Baba alifanya kazi ofisini Jumeirah Lake Towers na alirudi magharibi, ameshachoka na foleni. Basi la shule likinishusha, mimi nilikuwa na ufunguo shingoni na chakula baridi kwenye friji. Nilikuwa nikiwasha taa za vyumba vyote, mchana kweupe, ili nyumba isiwe kimya. Ajabu, taa hazisemi, lakini mtoto hujaribu kila kitu.

Kisha bibi, mama yake baba, akaja kutoka Unguja kututembelea miezi mitatu. Tangu siku ya kwanza nyumba ilinukia kitunguu kinachokaangwa. Nikipanda ngazi nilisikia kaimati zinalia kwenye mafuta, na mlango nilikuta wazi. Bibi alikaa mbele ya kiyoyozi kajifunika kanga mbili, analalamika baridi, na hakubali kizimwe. "Karibu mwanangu, umeshindaje?" Ufunguo wangu nikauvua, nikautia kwenye droo. Nilianza kuiogopa siku atakayoondoka kabla hata hajamaliza kufungua masanduku.

Baba alitaka amtengenezee makaratasi akae kabisa. Bibi hakutaka kusikia. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema, "na jembe hapa kwenu sijaliona." Baba akacheka, yeye hakucheka.

Ijumaa moja, baada ya sala na pilau, baba kalala na mama yuko kazini, nikaweka diski ya zamani ya baba, filamu aliyoipenda alipokuwa kijana. Ndani yake wachezaji warefu wa mpira wa kikapu, watu wa kweli kabisa, wanaitwa na wanyama wa katuni kuwasaidia katika mechi. Wakishindwa, wanyama wananyang'anywa mto wanamoishi. Bibi alianza kwa kugeuza uso, kwamba hayo ni mambo ya watoto. Dakika tano baadaye akauliza, "Jee, yule mrefu kala nini?" Dakika kumi, alikuwa kashachagua mchezaji wake: kobe mwenye raba nyekundu, ambaye kila akipewa mpira mchezo wote unasimama kumngoja.

Kiingereza bibi hakijui, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Tulipofika katikati ikaadhiniwa alasiri. Bibi alikuwa na sheria yake: adhana ikilia, televisheni inazimwa, hata kama nyumba inaungua ndani yake. Akainuka kwenda kutia udhu, na alipofika mlangoni akasema, "Nzuri. Hii ikisha, nnaondoka zangu kwetu."

Unaona mtego huo? Yeye alisema kwa mzaha, nami nikaubeba kama hukumu ya kadhi. Filamu ile ilikuwa ya saa moja na nusu tu. Nikaapa moyoni kwamba haitakwisha.

Ijumaa ya pili nilianza kuosha vyombo kwa uangalifu ambao mama hajauona tena hadi leo. Kisha rimoti "ikapotea". Tulipoanza, adhana ilikuwa karibu. Ijumaa ya tatu nikarudisha sehemu ile ile tuliyokwisha kuiona, nikamwambia bibi kwamba hiyo ni mechi nyingine. Mechi ya kwanza walicheza na timu ya Maskati, sasa wanacheza na Mombasa. Picha ni ile ile, maneno mapya. Ilipofika zamu ya wabaya kutoka Pemba, bibi akaja juu. "Wapemba wamekukosea nini? Mama yangu mimi Mpemba!" Nikawahamisha Sharjah hapo hapo, bila hata kusimamisha filamu.

Uongo ni kazi, usione hivi. Kiswahili changu cha wakati ule kilikuwa cha kuombea maji na kuitikia salamu tu, maana shuleni ni Kiingereza na Kiarabu. Katikati ya wiki nilikuwa nikimfuata bibi jikoni, namwuliza mtu aliyekata tamaa anasemaje, mtu anayejigamba anatukanwa vipi bila kutukanwa. Bibi alinipa maneno huku anakuna nazi, wala hakuuliza ya nini. Wanyama wangu wakaanza kusema kwa mafumbo na kurushiana vijembe, na kobe akawa na methali kwa kila mpira anaoukosa. Miezi mitatu ikapita. Viza ikaongezwa. Makaratasi nayo, sijui vipi, yakaanza kushughulikiwa.

Halafu Ijumaa moja baba akaamka mapema. Sikumsikia. Nilikuwa katikati ya fainali ya pili dhidi ya Sharjah, nasimama na kukaa, niliposikia sauti nyuma yangu.

"We mtoto, Sharjah imetoka wapi humo?"

Bibi hakugeuka. "Mwache. Nani kakuuliza?"

"Mama, hii sinema mimi naijua. Kila nikikuuliza nikukatie tiketi ya lini, waniambia haijesha. Sinema gani hii isiyokwisha nusu mwaka?"

"Macho ninayo," bibi akajibu. "Kobe yule yule, kikapu kile kile, na anakosa vile vile. Tangu Ijumaa ya tatu najua." Akanivuta nikae karibu naye. "Lakini mtoto anasema haijesha. Basi haijesha. Wewe kalale."

Nililia, na bibi akaniacha nilie, akanifuta kwa ncha ya kanga iliyonukia iliki. Kumbe tulikuwa wawili tunaoivuta sinema ile isiishe, kila mmoja kwa upande wake. Baba hakwenda kulala, naye akaja kukaa. Akaanza kuishangilia Sharjah kusudi, ili atuudhi.

Bibi alikaa nasi karibu miaka miwili. Kilichomrudisha ni maradhi ya dada yake, wala hakuna sinema ambayo ingeweza kuyazuia. Kwenye uwanja wa ndege aliniambia nisimwambie mwisho wa ile filamu. Tangu hapo kila Ijumaa alasiri baba alikuwa akikuna kadi ya simu, anampigia, kisha ananipa mimi. Salamu zikisha, bibi anauliza, "Jee, wamefika wapi?" Nami namsimulia mechi mpya, bila televisheni, bila picha, kobe anakimbia kwenye simu kwa mwendo wake ule ule, na bibi kule Unguja anapiga kelele, "Mpe mpira! Mpe!"

Nilipofika miaka kumi na minne, Ijumaa moja rafiki zangu walikuwa chini wananisubiri ndani ya gari, wanapiga honi, "Yalla! Yalla!" Nikaletewa simu nikiwa navaa viatu.

"Jee, wamefika wapi?"

"Khalas, bibi. Wameshinda. Mchezo umekwisha."

"Alhamdulillahi," akasema. "Hongera zao." Nikamrudishia baba simu, nikashuka ngazi mbili mbili.

Ijumaa iliyofuata aliniuliza habari za masomo. Na iliyofuata, habari za afya. Aliishi miaka miwili zaidi na hakuniuliza tena habari za wanyama wale, na mimi, nakwambia kweli na naona haya, hata sikugundua mpaka tulipokuwa matangani.

Diski sijui iko wapi. Kwenye ile nyumba ya Al Warqa sasa wanakaa watu wengine. Kiswahili hiki ninachokuandikia ndicho kile nilichokiokota jikoni kwa ajili ya kusema uongo. Mpira wa kikapu hauna sare, najua, na bibi pia alikuwa ameshajua. Lakini ningerudishiwa dakika ile moja, na viatu mkononi na honi inalia chini, ningemwambia wametoka sare, bibi, wanarudiana Ijumaa.