Verna na Fulana ya Kipa

Wachezaji wa siku hizi hulala hotelini kama wapita njia. Zamani timu yetu ya hoki ya barafuni ililelewa majumbani mwetu, na Verna Kowalchuk, mpishi wa kiwanda cha mbao, alimlea kipa Luc. Asubuhi ya fainali Verna aliifua fulana ambayo Luc hakuwa ameifua tangu tuanze kushinda.

"Mama, umeifua bahati yetu!"

"Bahati gani inanuka samaki? Vaa, ukadake."

Tukafungwa. Habari ya fulana ilikuwa imeenea, na mashabiki wakamzingira Verna kwenye mlango wa uwanja, wakimzomea. Luc akamshika mkono.

"Aliyefungwa ni mimi, si sabuni. Twende, Mama, nina njaa."

Timu nzima ikawafuata, ikala kwake. Timu ile imekwisha kufa, lakini nashukuru niliiona siku hiyo.