Mwaka Dada Yangu Alipokataa Kukua

Juzi nilirudi kijijini kwetu Kibirichia kumzika shangazi, na baada ya mazishi nikapitia zahanati kumsalimu muuguzi niliyesoma naye. Nilimkuta akimpima msichana wa darasa la sita. Mama mtu alikuwa na wasiwasi. "Mbona amenenepa ghafla hivi?" Muuguzi akacheka. "Mama, mwili wake unajiandaa kurefuka. Mlishe vizuri, mwache acheze." Basi, wakashikana mikono wakaenda zao. Mimi nilibaki nimesimama, rafiki yangu, kwa sababu siku zetu jambo hilo halikuishia kwa kicheko.

Siku zile baridi ya kwetu ilikuwa baridi kweli. Tulichimba viazi asubuhi mpaka vidole vikafa ganzi, na jioni tukajazana jikoni kwa nyanya, mama yake baba, kwenye moshi na harufu ya viazi vilivyochomwa jivuni. Nyanya alitupondea mukimo wa viazi, mahindi na mboga huku akituangalia tunavyokula. "Mtoto ni kama shina la kiazi," alizoea kusema. "Ukiona udongo umepasuka, jua chini kumejaa." Tulicheka. Hatukujua ni nani mwingine aliyekuwa akiangalia udongo huo.

Dada yangu alikuwa mbele yangu kwa miaka miwili. Mwaka mmoja alianza kubadilika haraka kuliko wenzake wote darasani. Mashavu yalijaa, sare ya shule ikambana mabegani, kisha ikampanda juu ya magoti. Bado aliruka kamba na kulilia peremende. Lakini watu wazima waliacha kumwita mtoto.

Ng'ambo ya mto aliishi jirani ambaye kila Desemba aliwatahiri wasichana wa upande ule. Zamani alikuja kwetu kuomba moto tu. Sasa alikuja akakaa. Alimpokea dada yangu kibuyu cha uji, kisha akamshika kifundo cha mkono na kukizungusha taratibu, kama mtu anayekagua ndama. Jioni moja tukiwa nje tunamenya viazi, tulimsikia akimwambia nyanya, "Huyu amejaa. Ikifika Desemba hakuna haja ya kungoja."

Mama alikuwepo, akiosha sufuria. Kanisa lake lilikataza jambo hilo, lakini baba alikuwa Timau akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, na katika boma lile neno la mwisho halikuwa la mama. Nikasikia tu sufuria ikisuguliwa kwa nguvu.

Tangu siku hiyo dada yangu aliacha kula. Alisukuma mukimo wake upande wangu. "Kula wewe," aliniambia. "Nikikonda watanisahau." Nami nilikuwa na njaa ya mtoto wa baridi; nilikula. Miezi ikapita. Macho yake yakaingia ndani, nywele zikakatika kwenye kitana, akawa anatetemeka hata karibu na moto. Nyanya alisema amerogwa. Nami nikajaa.

Wakati wa kupalilia, jirani alikuja tena. Alimtazama dada yangu, akasonya. Kisha akanigeukia, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto. "Kumbe yuko mwingine," alisema.

Dada yangu aliona. Kesho yake alianguka shuleni, kwenye paredi ya asubuhi.

Mwalimu wetu alimbeba mpaka nyumbani, na njiani dada akamweleza yote. Ndiye mwanamke wa kwanza niliyemwona akiketi kwa nyanya bila kuambiwa keti.

"Huyu mtoto hajarogwa. Ana njaa na ana hofu," alisema.

"Mwalimu, hiyo ni mambo ya nyumbani," nyanya akajibu. "Mwili yake ilisema iko tayari."

"Mwili haukusema hivyo, nyanya. Kuna msichana anayenenepa mapema, kuna anayechelewa, na wote ni wazima. Huyu alikuwa anakua tu. Bado ni mtoto. Mkimtahiri alivyo sasa, mtamzika."

Kisha mama, ambaye hakuwahi kupandisha sauti mbele ya nyanya, akasema, "Hataguswa. Hata mdogo wake hataguswa." Akaanza kukunja nguo zetu. Baba alipofika kutoka Timau, tayari tulikuwa kwa dada wa mwalimu wetu, mtaa wa Majimbo, mjini Embu, tukishangaa joto. Baba hakutulazimisha kurudi. Desemba hiyo wasichana wengine watatu walivuka mto. Mmoja hakurudi shuleni tena, na hakuna aliyetuambia kwa nini.

Ilimchukua dada yangu muda mrefu kuanza tena kumaliza sahani. Leo ni mzima na ana wanawe, lakini mimi nampita kwa kichwa kizima, ingawa yeye ndiye aliyepata miguu mirefu ya baba. Daktari mmoja alimwambia huenda angekuwa mrefu zaidi kama asingejinyima chakula mwaka ule. Hakuna anayeweza kujua.

Nyanya alishafariki, na jirani pia. Jiko lile lilibomolewa, pale palipokuwa na moshi sasa pamepandwa kabichi. Watu husema mambo yale yamekwisha. Nilipowauliza wanawake mazishini, walisema ndiyo, yamekwisha kabisa, kisha wakatazamana, na mmoja akainuka kwenda kuwaita ndani wasichana waliokuwa wakicheza, kabla sijawauliza wao.