Mama Aliyefuta Ugunduzi Wake

Dada wa mama ninayemwandika leo alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya posta mjini Machakos, akaniambia kwa sauti tulivu kwamba mama yule amepumzika. Hakuugua sana. Ijumaa alilalamika kifua, Jumapili akashindwa kwenda kanisani, na kabla ya jua kuchwa akawa ameondoka. Nilitoka kwenye foleni nikasahau hata kilichonipeleka pale. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wakamkumbuka, maana katika miaka ya tisini niliwahi kuandika habari zake humu gazetini, tena kwa mbwembwe. Leo sitamtaja jina. Hakuwahi kufurahia kutajwa, na mimi ndiye niliyempa sababu.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Si yale mafuvu na mifupa mikubwa ambayo wageni huja kupigwa picha nayo. Vyake vilikuwa magamba ya konokono wa ziwani na, zaidi ya yote, vijidudu vya majini vyenye magamba mawili yanayofumbana kama haragwe, vidogo hata ukivimwaga kiganjani ungedhani ni vumbi. Aliajiriwa katika maabara moja Nairobi kuosha vyombo, akiwa na cheti cha kidato cha nne tu. Akapandishwa kuosha tope lililotoka kwenye mawe na kulichekecha. Kisha, bila kutumwa na mtu, akaanza kuuliza majina ya alivyoviona kwenye chekeche. Miaka kumi baadaye ni wenye shahada waliokuwa wakimuuliza yeye. Mkuu wake alimruhusu kuja na hadubini nyumbani Machakos kila mwisho wa juma, na hapo ndipo nilipomkuta mara ya kwanza, ameinama mezani, ananyonya ncha ya brashi nyembamba ili iwe na unyevu wa kunasa chembe moja baada ya nyingine.

Hakuwa mtu wa kujifungia na chembe zake. Siku moja nilimfuata Mwala, ambako kikundi chake cha akina mama kilikuwa kikijenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kunasa mchanga na maji ya mvua, kwenye mto uliokauka. Wakati wa kupumzika aliwaeleza kwamba upande wa Athi River, kule mawe yanakochimbwa, zamani sana palikuwa na ziwa. Bibi mmoja aliyebeba jiwe mapajani akamkata kauli.

"Sasa hilo ziwa lilienda wapi, na sisi tunaua migongo tukitafuta maji?"

"Lilikauka polepole, mwaitu," akajibu. Ndivyo Wakamba tunavyomwita mama kwa heshima. "Hao wadudu wangu ndio wananiambia. Huko chini kwenye mawe ni wale wa maji matamu. Ukipanda juu unapata wale wanaweza maji ya chumvi. Halafu hakuna kitu."

Bibi alifikiri kidogo, akainuka na jiwe lake. "Basi tumalize huu ukuta," akasema, na kikundi kizima kikarudi kazini.

Ugunduzi niliouandika ulitoka kwenye mawe hayohayo. Alikuwa amepata magamba ya aina mbili ambazo hazikuwa katika kitabu chochote cha maabara yao: moja ndefu na nyembamba, nyingine fupi na pana upande wa nyuma. Kwa miaka mitatu alizipima, akazichora na kuandika tofauti zao mstari kwa mstari, kwani hivyo ndivyo kiumbe kipya anavyopewa nafasi yake miongoni mwa ndugu zake. Makala ilikuwa tayari kutumwa, jina lake likiwa la kwanza kati ya waandishi. Aina moja ingeitwa kwa jina la kijiji alikozaliwa. Cheo cha mtafiti msaidizi, alichokuwa amenyimwa mara mbili kwa kukosa shahada, kilingoja makala hiyo tu. Nami nikaandika kwamba mama wa Machakos amegundua viumbe wawili wasiojulikana duniani. Kanisani walimsimamisha wakampigia makofi.

Wiki chache baadaye aliingia ofisini kwangu amekumbatia daftari, akakaa bila kungoja kukaribishwa.

"Mwandishi, niko na kitu nataka uandike. Nilikosea."

Alifungua daftari. Alikuwa amerudia kupanga magamba yote kwa ukubwa, kwa kuwa vijidudu hivyo hujivua magamba vikikua, kwa hiyo jiwe moja huwa na ya watoto na ya wazima. Watoto wote walifanana. Tofauti ilianza kwenye utu uzima, na kila safu ya mwamba iliyokuwa na wale warefu ilikuwa pia na wale wafupi.

"Si aina mbili," akasema. "Ni bwana na bibi."

Nilicheka, naye hakucheka. Nikamwuliza kama mkuu wake ameligundua kosa hilo. Hapana. Nani mwingine analijua? Hakuna. Basi, nikamwambia, na hili nalisema kwa aibu, angoje cheo kwanza, kusahihisha kutafuata.

"Na yule atakuja baadaye asome yangu? Atahesabu wawili, ajenge juu yake. Mimi nitakuwa nimekufa, kosa langu bado linafanya kazi."

Alilia kidogo alipotaja kijiji chao, akajifuta kwa leso, akaenda zake. Makala aliirudisha mwenyewe mezani kwa mkuu wake. Cheo kilimwendea mwingine mwaka huo, na hakikurudi tena hadi alipostaafu. Kiumbe yule mmoja alichapishwa baadaye, na jina la mama likawa la pili. Nami niliahidi kusahihisha. Mhariri wa wakati huo alisema gazeti haliwezi kujiumbua kwa sababu ya wadudu, nami sikubishana naye, maana kosa lilikuwa langu pia. Mama alinikumbusha mara mbili, kisha akaacha. Tulipokutana sokoni aliendelea kunijulia hali kama kawaida, jambo lililoniumiza kuliko lawama.

Kwenye maziko alisimama msichana kutoka chuo kikuu, ambaye familia haikumfahamu. Alisema anasoma historia ya maziwa ya kale, na kwamba katika makabati yote ya maabara aliyofungua, vibao vya mama huyu, vile alivyopangia magamba yake, ndivyo pekee ambavyo hakulazimika kuvihakiki upya. Akaketi. Dada wa marehemu alimwomba arudie, kwa sababu wengine hawakusikia vizuri.

Basi nasahihisha: walikuwa kiumbe mmoja, si wawili. Nimechelewa, na aliyeomba hayupo kusoma. Nimefanya kazi ya kalamu miaka mingi katika nchi ambayo barabara hubomoka na wagonjwa hupewa dawa isiyo yao, na bado ni shida kumpata mtu wa kusema neno lile alilolisema mama yule ofisini kwangu bila kulazimishwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kazi yoyote, iwe ya mawe, ya shule au ya magazeti, hutegemewa na watu ambao hatutawaona kamwe, na hao wanatudai kitu kimoja tu: tusiwaache wajenge juu ya uongo wetu. Ukijua umekosea, sema ungali hai.