Kiti cha Baba Mkwe

Jamani, leo nusura nikose mke kwa sababu ya kiti!

Baba yake mchumba wangu Mwanaidi, mzee mnene wa hapa Handeni, aliniagiza mimi, fundi seremala, kiti cha kukunja, chenye miguu inayopishana, kama vya Wajerumani wa reli kule Korogwe.

Nikampelekea. Akakaa. Kikambana.

"Panua juu. Chini usiguse, chumba kidogo."

Nikaropoka: "Haiwezekani, mzee! Miti miwili ikipishana, pembe ya juu na ya chini ni sawa. Ukipanua moja, na mwenzake anapanuka."

Kwetu mkwe habishiwi. Mwanaidi akaziba uso kwa kanga.

Haraka nikang'oa msumari wa kati, nikaushusha, miti ikawa mirefu juu, mifupi chini. Pembe zilezile, lakini juu papana, chini pembamba.

Mzee akakaa. Akajinyoosha.

"Kesho tengeneza na cha mkeo."

Mkeo! Mmesikia lakini?